Bunduki Aliyoikataa Afande

Watu wa Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, walimjua kwa majiko ya mafuta ya taa. Alikaa barazani, kigoda chake kimeegemea nguzo, mbele yake majiko ya Mchina yamefunguliwa matumbo na tambi zake zimeanikwa juu ya gunia. Sisi wa mgambo tulimjua kwa bunduki, maana ndiye aliyetufundisha shabaha. Tulimwita Afande, na baada ya muda hata akina mama waliomletea majiko walimwita hivyo hivyo. Afande, hili linatoa moshi. Afande, hili halipandi wala halishuki. Aliitikia yote kwa sauti moja, ndogo, kama mtu aliye karibu na mgonjwa aliyelala.

Alichukia kelele. Sijapata kumwona mtu wa bunduki anayechukia kelele kama yeye. Mlango ukibamizwa alifumba macho. Redio ya jirani ikipandishwa alivaa kandambili zake akaenda kuomba, kwa adabu, ipunguzwe. Siku za shabaha alijiziba masikio kwa pamba aliyoichovya kwenye mafuta ya nazi, na jioni alikuwa akiitoa taratibu kama anayechomoa mwiba. Mtu akifyatua vibaya, yeye aligundua kabla hajaitazama karatasi. Alisema aliyeogopa mlio utamwona begani, bega linatangulia kukimbia.

Kuchinja hakuweza. Mke wake akitaka kuku achinjwe, Afande mwenyewe alimpeleka yule kuku kwa jirani, kamshika kwa mikono miwili, kisha akaenda kukaa msikitini mpaka harufu ya mchuzi ifike barazani. Hapo ndipo aliporudi, na shingo ilikuwa yake, hakuna aliyeigusa. Mangi hakuacha kumtania kwa hilo. Mangi alikuwa mtu wa Kilimanjaro mwenye duka la pembeni pale mtaani, sukari ikiwepo na sabuni ikiwepo, na alikuwa mgambo mwenzetu.

"Afande," Mangi alimwambia siku moja, "wewe ukipelekwa mstari wa mbele, adui atakufa kwa kukusubiri."

"Mimi nafundisha kupiga karatasi," Afande alijibu, hakuinua macho kwenye jiko. "Karatasi haina mama."

Mimi nilifika kwake kwa sababu ya moto ulioinama. Nilikuwa kijana mwenye ndevu tayari, shule nimeiacha darasa la sita, na tangu hapo sikuwa nimekaa mahali. Nimepara samaki Feri, nimebeba magunia sokoni, nimefua kwa dobi wa Mtaa wa Sikukuu, nimeshinda kwa fundi saa nikimtazama tu mpaka akanifukuza. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuwasha. Basi siku hiyo nilikuwa napita, nikaona jiko linawaka mbele yake, moto wote umeinamia upande mmoja na upepo hakuna. Nikasimama nikamuuliza kwa nini.

"Wewe umeona nini?" akaniuliza.

"Nadhani tambi moja ni fupi."

"Sikukuuliza unadhani nini."

Nikachuchumaa. Nikatazama mpaka macho yakauma. Nikamwambia naona kikombe cha juu kimekaa mshazari, upande mmoja una tundu kubwa kuliko mwingine. Akalizima jiko, akakigonga kikombe kwa kipini cha bisibisi, akaliwasha tena. Moto ukasimama. Hakunisifu. Alinisogezea gunia nikae.

Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote. Kulala nililala huku na huku, lakini mchana nilikuwa pale, na alipokwenda Jangwani kufundisha mgambo nilimfuata, nikaandikishwa. Swali lake lilikuwa lile lile kwa majiko, kwa bunduki na kwa watu. Mtu akija barazani kumweleza kwamba fulani anamsengenya, Afande alimkatiza: uliona au unadhani? Wengi waliondoka bila kumaliza habari yao.

Jangwani tulifundishwa kwa bunduki za miti. Fundi seremala wa Mtaa wa Narung'ombe ndiye aliyezichonga, na zilikuwa nzito kwa sababu mbao zilikuwa mbichi. Watoto waliopita walitucheka. Afande hakucheka. Bunduki ya mti kwake ilikuwa bunduki. Kijana mmoja aliielekeza ya kwake kwa mwenzake kwa mzaha akisema pa, pa. Afande akaichukua ile bunduki mkononi mwake, akamwambia aende nyumbani, na akimaliza kucheka arudi. Yule kijana alirudi baada ya mfungo kwisha, akasimama mwisho wa mstari, na Afande akampa bunduki yake bila neno.

Siku za bunduki za kweli zilikuwa chache. Tulipandishwa lori alfajiri, tukapelekwa uwanja wa shabaha nje ya mji, njia ya Pugu. Huko ndiko nilikojifunza kwamba kupiga mbali si nguvu wala macho makali. Afande alitulaza kifudifudi, akaweka kifungo cha shati juu ya mtutu, karibu na mdomo wake, bunduki ikiwa tupu. Ukavuta triga. Kifungo kikianguka, hupewi risasi. Wapo waliolala pale jua zima na vifungo vyao vikianguka. Mimi nilikipenda kile kifungo kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Nilikuwa nakitazama mpaka dunia nzima inabaki kifungo, na triga inajivuta yenyewe.

"Huyu," nilimsikia akimwambia Mangi, naye hakujua nipo nyuma ya lori, "huyu akitulia atapiga mahali mimi sipigi tena."

Niliyaweka maneno hayo kifuani.

Na mtu huyo, niseme yote, alikuwa hawezi kukuibia hata mchezoni. Jioni tulicheza drafti barazani kwa vifuniko vya soda. Ukisahau kula kete yake alikukumbusha. Alinyoosha kidole: tazama hapo, unakula mbili. Kisha akasubiri uzile, ndipo acheze. Mangi alisema kucheza na Afande ni kama kucheza na kioo. Nilimwuliza mwenyewe kwa nini anajipunguzia. Akasema kumshinda mtu asiyeona kunamtia uvivu.

Alikuwa na mambo ya kuudhi pia. Hakumwambia mtu asante. Alikunywa chai yako akakurudishia kikombe kitupu kana kwamba wewe ndiye uliyekuwa na kiu. Alisahau majina, watu aliwajua kwa majiko yao na mgambo aliwajua kwa makosa yao, huyu wa bega, huyu wa kufumba jicho. Mimi aliniita wewe. Na alipokasirika hakugomba, alinyamaza, na ule unyamavu uliweza kukaa barazani siku nyingi kama mgeni asiyeaga.

Sasa nifike kwenye mashindano.

Wakati ule kuwa mjini bila kazi ilikuwa hatari. Operesheni zilipita. Ulisimamishwa Mtaa wa Msimbazi au wa Kongo, ukaulizwa kitambulisho cha kazi, na kama huna unapandishwa lori, unapelekwa kijijini ukalime. Sisemi kulima ni kubaya. Nasema mimi nilizaliwa hapa mjini, na hicho kijiji nilichokuwa nitapelekwa sikukijua hata upande wake. Mgambo wenyewe walishiriki kukamata, lakini mgambo asiye na ajira naye alikuwa mzururaji tu, siku lori likibaki na nafasi.

Ndipo likaja tangazo la mashindano ya shabaha kati ya timu za mjini. Kulikuwa na kombe, lakini kombe halikunihusu. Lililonihusu ni hili: wapigaji wa timu itakayoshinda wangeajiriwa walinzi wa silaha, ajira ya kudumu, na kitambulisho. Wapigaji, si mkufunzi wao. Sikulipa uzito neno hilo la mwisho. Nilijiona tayari nimesimama Msimbazi, askari ananiuliza kitambulisho, nami nakitoa mfukoni polepole kwa makusudi.

Kila timu ilitakiwa ije na bunduki yake moja. Katika ghala moja la serikali kulikuwa na bunduki kuukuu zilizoondolewa kazini, zikauzwa kwa timu kwa bei ya chini, kwa sharti kwamba bunduki italala kituo cha polisi na haitaonekana mtaani. Tulichanga. Mangi alitoa zaidi yetu na hakusema. Mimi nilitoa jasho, nilibeba magunia sokoni mpaka shingo ikachubuka.

Wiki hiyo Afande alitufundisha kuchagua. Nayaandika kwa sababu sijapata kusikia mtu akiyaeleza vizuri hivyo, na kwa sababu yote yalikuwa kweli.

Mangi alitaka tununue 303, ile ndefu ya Mwingereza, ya kukoki kwa mkono. Alisema ndiyo inayopiga mbali.

"Inapiga mbali," Afande alikubali. "Risasi zake utazipata wapi?"

Mangi akafikiri. "Zipo kidogo."

"Kidogo utapigia siku ya mashindano. Mazoezi utapigia mate? Kabla hujanunua bunduki jiulize habari ya risasi. Tunachukua SAR."

SAR ndiyo bunduki ya Kichina tuliyokuwa tukifundishwa nayo. Inajikoki yenyewe, ukivuta triga inatoa risasi moja, inatupa ganda, inaingiza nyingine, inakungoja. Risasi zake hazikukosekana uwanjani. Afande alisema haikutengenezwa kwa ajili ya kutoboa karatasi mita mia tatu, ilitengenezwa kwa mtu anayekimbia na tope, lakini katika SAR mia utakuta moja iliyotoka kiwandani siku mafundi walipokuwa wametulia. Kazi ni kuitafuta hiyo, na bei yake ni ile ile ya mbovu.

"Usitazame rangi," alisema. "Mbao mpya zinawekwa kuficha chuma kizee. Fungua, weka kipande cha karatasi nyeupe nyuma, tazama ndani ya mtutu kwenye mwanga. Michirizi yake iwe na kingo, isiwe kama kijia cha mbuzi. Kisha shika risasi, ingiza ncha yake kwenye mdomo wa mtutu. Ikizama mpaka shaba ya ganda ikagusa, achana nayo, mdomo umeliwa na fimbo za kusafishia. Ikibaki nje sehemu nzuri, hiyo sogeza pembeni. Halafu shika mtutu na ubao, tikisa. Chuma na mbao vikizungumza, mtutu ukipata moto kila risasi itakwenda kwa baba yake."

"Na triga?" niliuliza.

"Triga mbaya utaizoea. Hata mke mkali unamzoea." Mke wake alikuwa dirishani. Alisema, "Nakusikia, mzee," na Afande akainamia jiko.

Siku ya kwenda ghalani tulikwenda watatu, Afande, Mangi na mimi. Mtunza ghala alitupa meza na akazipanga SAR mbele yetu, mistari kwa mistari, zimepakwa mafuta mazito. Afande alisema atashika upande wake nami nishike wangu. Nilifurahi mno, hakuwahi kunigawia kazi sawa na yake.

Nilizipitia moja moja. Nyingi zilikuwa zimekwisha, ncha ya risasi ikizama kama kijiko kwenye uji. Halafu nikaishika moja yenye baka jeusi kitakoni, kama ilikuwa imewekwa karibu na moto siku moja. Nje ilikuwa mbaya kuliko zote. Ndani ya mtutu kingo zilisimama kama zimechongwa jana. Ncha ya risasi iliingia kidogo ikasimama. Niliitikisa, kimya. Niliirudia tena yote, maana sikuamini, kisha nikaipeleka kwake kwa mikono miwili.

Aliichukua. Akaitazama ndani muda mrefu. Akaingiza risasi. Nilikuwa namtazama usoni, na niliona, nasema niliona, macho yake yakitulia kama yanavyotulia kwenye jiko lililoanza kuwaka sawa.

"Imechoka hii," alisema.

Mangi akasogea. "Mbona kijana anasema—"

"Imechoka. Mtutu umepinda mbele, jicho lenu halioni." Akaiweka kando, si pamoja na mbovu, kando. Akachukua nyingine kutoka upande wake, nzuri machoni, mbao zinang'aa. "Tunakwenda na hii."

Nilitaka kusema. Mtunza ghala alikuwa amesimama pale, mikono nyuma, anatusikiliza. Na kwetu haikuwezekana, mbele ya mgeni, mtu wa rika langu kumwambia mtu wa rika lake kwamba haoni sawa. Si bunduki ungekuwa unaipinga, ungekuwa umemvua kanzu hadharani. Hata Mangi, aliyekuwa na maneno kwa kila mtu, alimeza ya kwake. Zaidi ya hayo, mimi nilijilaumu. Nilijiambia: yeye ameona kitu wewe hujakiona, nenda ukajifunze. Hata ncha ya risasi ya ile aliyoichagua sikuipima. Bunduki iliyotoka mkononi mwake ningeipimaje? Nikaipokea, nikaikumbatia mpaka kituoni.

Mazoezini tulipewa risasi chache chache, na mtutu haukupata moto. Ilipiga vizuri kiasi. Ikipotea moja, Afande alisema ni bega langu. Nilikwenda kulaza bega. Nilijilaza kwenye sakafu ya watu, nikavuta triga ya hewa, nikijikaripia.

Siku ya mashindano watu walijaa, kulikuwa na viti vya wakubwa na turubai. Sisi tulipangwa jirani na timu moja ya Gerezani, vijana wa meneja wa bohari moja huko, mtu mwenye suti ya Kaunda na miwani, aliyetaka kombe hilo likae ofisini kwake. Mangi alipiga kabla yangu. Risasi za mwanzo zilikaa, zilizofuata zikaanza kutawanyika. Aliniachia bunduki, akaninong'oneza, "Inakwenda inakotaka hii." Nikalala. Nilijua nimetulia. Kifungo kingewekwa juu ya mtutu ule kingekaa mpaka jua lizame. Nikavuta, na bendera ya kule mbele ikapungwa: kushoto. Nikavuta: juu. Nikavuta: hakuna. Chuma kilikuwa kimoto, na nilipoinua bunduki nilisikia kwa mkono wangu mtutu ukizungumza na mbao.

Nilipogeuka kumtazama Afande, alikuwa anatazama upande mwingine. Nilifuata macho yake. Mstari wa jirani, kijana wa Gerezani alikuwa amelala na SAR yenye baka jeusi kitakoni.

Walishinda. Hata hawakuhangaika. Wakati wanapigiwa makofi nilikwenda kwa yule kijana, nikampa mkono, nikamwomba niishike. Alikuwa na furaha, angenipa hata viatu vyake. Niligusa mdomo wa mtutu kwa ncha ya risasi. Ilisimama pale pale.

"Mmeichagua vizuri," nilimwambia.

"Hatukuchagua sisi. Meneja alikwenda ghalani na mzee mmoja, fundi majiko wa Kariakoo. Yule mzee ni hatari, ndugu. Tuliambiwa alikwenda moja kwa moja, kama alikuwa ameiweka mwenyewe."

Afande alikuwa anakunja mikeka tuliyolalia. Nilisimama mbele yake.

"Afande, ile ya Gerezani ndiyo ile yenye baka."

"Bunduki nyingi zina mabaka."

"Ni ile niliyokupa mkononi. Nimeipima."

Aliendelea kukunja. Nilingoja aniulize nimeona nini. Siku zote nilizomjua ilikuwa swali hilo tu, na safari ile lilikuwa haki yangu. Hakuniuliza. Alifunga mikeka kwa kamba, akasema lori litatuacha, akatembea.

Barazani sikurudi. Mangi ndiye aliyeniletea habari, tulipokutana sokoni. Kigoda kimeondolewa pale nguzoni. Afande sasa ni mkuu wa walinzi wa lile bohari la Gerezani, amevaa kaki iliyopigwa pasi, anafungua geti.

"Nilimpitia," Mangi alisema. "Akaniamkia vizuri, akaniuliza kama sukari imekuja."

"Hukumwambia kitu?"

"Nimwambie nini? Nilimwambia haijaja." Mangi akatema mate chini. "Mimi nina duka, ndugu yangu. Wewe jifiche."

Sikujificha vya kutosha. Kabla mvua za vuli hazijaanza walinikamata kwenye kona ya Msimbazi, na aliyenishika mkono alikuwa mgambo tuliyefundishwa naye Jangwani, yule wa pa, pa. Hakunitazama usoni. Kijijini nililima pamba. Nilijifunza yote ya pamba, wadudu wake na magonjwa yake, na nilipokwisha kuyajua miguu ikawasha, na nikarudi mjini, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya mizigo ya watu. Lakini sikuwa yule aliyeondoka. Nilikuwa nimezoea kumwamini mtu mmoja akisema huoni, na sasa nikitazama kitu, hata moto wa jiko, kwanza nilijiuliza ni nani anataka nisikione. Kukaa na mafundi nikiwatazama sikuweza tena. Nilikuwa natazama mikono yao nikitafuta wanaficha nini.

Miaka mingi ilipita kabla sijamwona. Ilikuwa Magogoni, asubuhi, watu wa Kigamboni wamejaa wakingoja geti la pantoni lifunguliwe wavuke. Mimi nilitoka Feri na ndoo ya utumbo wa samaki nikaushushe kwa mtu mwenye bata. Yeye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, kaki hana, amekuwa mdogo, kapu la ukindu katikati ya miguu. Salamu ilinitoka kabla sijaamua.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba." Alinikazia macho. Yalikuwa na ukungu. "Wa mgambo wewe?"

"Wa mgambo. Kariakoo. Mwaka ule tuliponunua SAR."

Alifikiri. "Yenye baka," alisema. "Ile ilikuwa chuma. Sijashika nyingine kama ile."

"Uliniambia imechoka."

"Nilikuambia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, kwa kukana, kwa kusahau, hata kwa machozi. Kwa hilo sikujiandaa. Niliweka ndoo chini.

"Kwa nini?"

"Watu wa operesheni walipita mtaani," alisema kwa sauti yake ile ile ya karibu na mgonjwa. "Waliniuliza nafanya kazi gani, nikawaonyesha majiko. Wakacheka. Wakasema mzee, tukirudi uwe na kitambulisho. Mke wangu alikuwa ameanza kuvimba miguu. Nimwache na nani? Yule meneja akasema, nipe bunduki nzuri na vijana wangu wakishinda geti ni lako."

"Mimi walinichukua, Afande."

"Nilisikia."

"Ungeniambia." Sauti yangu ilipanda, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akageuka. Nikaishusha. "Ungeniambia tu barazani pale. Nina shida hii na hii. Mimi ningekuachia. Ningepiga pembeni makusudi, na mtu asingejua."

"Ungefanya hivyo?"

"Ningefanya."

Alinitazama, na nadhani aliniamini.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana sikukuambia. Ungenipa, halafu ningekaa na wewe vipi? Kila siku nakuona, kila siku najua umenipa. Nisingeweza hata kunywa chai. Nikaona bora nikudanganye. Mtu uliyemdanganya akishaondoka, unamsahau."

"Ukanisahau?"

"Nikakusahau."

Hakulisema kwa ubaya. Geti likafunguliwa, watu wakaanza kusukumana na baiskeli zao, na yeye akashika ukingo akasimama kwa shida. Sikumsaidia, wala sikuondoka. Alipokuwa amekwisha kulishika kapu lake akanigeukia.

"Hivi jina lako nani vile?"

Alikuwa mkubwa kwangu, na mkubwa akikuuliza jina unajibu. Nilimtajia. Alilitamka mara moja, taratibu, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa mtaa asioujua, kisha akaingia kwenye pantoni pamoja na wengine.